Sura ya Sita: Kabla ya Kuingia, Tazama Mlango wa Kutokea

Mwezi Aprili mwaka 2005, watu waliokuwa wakiunda kiini cha Linux walijikuta hawana pa kufanyia kazi. Tangu mwaka 2002 Linus Torvalds, mwanzilishi wa mradi huo, alikuwa akitumia BitKeeper, programu ya kutunza kumbukumbu za mabadiliko ya msimbo. BitKeeper ilikuwa mali ya kampuni, na kampuni hiyo iliwaruhusu waundaji wa programu huria waitumie bila malipo, kwa masharti. Sharti mojawapo lilikuwa kwamba anayeitumia bure asishiriki kutengeneza chombo cha kushindana nayo. Tangu mwanzo baadhi ya wachangiaji walilalamika kwamba mradi mkubwa wa programu huria unaegemea chombo ambacho wenyewe hawawezi kukifungua wakakichunguza. Torvalds alijibu kwamba chombo hicho kinafanya kazi vizuri kuliko vyote vilivyopo. Kisha Andrew Tridgell, mwanzilishi wa programu ya Samba, akaanza kuchunguza namna BitKeeper inavyowasiliana na seva zake. Kampuni ikaona mapatano yamevunjwa, ikaondoa ruhusa ya bure. Torvalds akaanza kuandika chombo kipya, Git. Baada ya siku chache Git ilikuwa ikitunza msimbo wake yenyewe, na Juni mwaka huohuo toleo la 2.6.12 la Linux likatoka kwa kuitumia.

Kisa hiki husimuliwa mara nyingi kama sifa ya mtu mwenye kipaji aliyegeuza msiba kuwa neema. Sifa hiyo ni ya haki, kwani leo Git ndiyo inayotumika karibu kila mahali programu zinapoandikwa. Lakini anayeishia hapo ameshika mkia wa kisa akaacha kichwa. Mradi uliokuwa tayari umeenea duniani kote ulikatiwa chombo chake cha kila siku kwa uamuzi wa upande mmoja, na uliokoka kwa sababu ulikuwa na mtu wa aina yake na jeshi la wachangiaji nyuma yake. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako. Mradi wa watu watatu wa Mwanza, Nakuru au Bujumbura ukivuliwa nguo hiyo hautapata Torvalds wa kuushonea nyingine kwa wiki mbili. Kwa mradi wa namna hiyo, usalama lazima uandaliwe siku ya kuchagua, maana siku ya kufukuzwa hakuna muda wa kuandaa.

Hoja ya sura hii ni moja. Wanaochagua makao ya mradi wa programu huria huuliza kwanza bei, kisha uzuri wa sura, kisha umaarufu: je, ni bure, ni rahisi, wenzetu wako huko? Maswali hayo yana nafasi yake, lakini swali linalopaswa kuyatangulia ni hili: siku tutakapoondoka hapa, kwa hiari au kwa kusukumwa, tutatoka na nini mkononi? Chombo kizuri ni kile ambacho jibu la swali hilo ni fupi na linajulikana mapema. Chombo ambacho hakina jibu ni hatari, hata kikiwa bure na hata kikisifiwa na dunia nzima. Nitaonyesha kwa nini, kisha nitajibu wanaoona kwamba hofu hii imezidi kipimo.

Mradi ni zaidi ya msimbo

Tuanze kwa kuupekua mradi wenyewe, kwa sababu makosa mengi huzaliwa pale watu wanapodhani kwamba mradi ni msimbo tu. Msimbo ndio sehemu inayosafiri kwa urahisi kuliko zote. Git imejengwa hivi kwamba kila anayenakili hazina ya msimbo huchukua historia yote: kila badiliko, nani alilifanya, lini, na maelezo aliyoyaandika. Seva ikiungua, kompyuta ya mchangiaji yeyote mwenye nakala ya karibuni yatosha kuanza upya. Lakini pembeni mwa msimbo kuna mambo mengine mengi. Kuna taarifa za kasoro, ambazo ni kumbukumbu ya kila mtumiaji aliyesema kwamba programu imekwama na namna ilivyokwamuliwa. Kuna mapitio ya msimbo, yaani mabishano ya wachangiaji kuhusu kwa nini njia hii ilichukuliwa na ile ikaachwa. Kuna majaribio yanayojiendesha kila badiliko linapoingia. Kuna mafaili ya kupakua kwa watumiaji wa kawaida. Kuna orodha ya nani ana ruhusa ya kufanya nini. Na kuna anwani, ile ambayo watu wameiandika katika vitabu, ripoti na tasnifu zao.

Haya yote Git haiyabebi. Yanakaa katika hifadhidata ya mwenye seva, kwa mpangilio anaoujua yeye. Ndiyo maana anayesema kwamba msimbo wetu uko kwenye Git, basi tuko huru, amesema nusu ya kweli. Yuko huru kuondoka na vitabu, lakini daftari la majina, barua na mihutasari ya vikao vinabaki kwa mwenye nyumba. Katika mradi uliodumu miaka 10, nusu hiyo inayobaki ndiyo akili ya mradi. Mtunzaji mpya anaweza kuusoma msimbo akaelewa unafanya nini. Ili ajue kwa nini unafanya hivyo, na ni njia zipi zilizojaribiwa zikashindikana, anahitaji yale mazungumzo ya zamani.

Historia ya wapangaji

Je, kuna ushahidi kwamba wenye nyumba huwatoa wapangaji? Upo mwingi. SourceForge ilianza mwaka 1999, na kwa karibu miaka 10 ndiyo ilikuwa soko kuu la programu huria duniani. Google ikafungua huduma yake, Google Code, mwaka 2006. Machi 2015 ikatangaza kuifunga: Agosti mwaka huo hazina zikawa za kusomwa tu, na Januari 2016 mlango ukafungwa. Mwaka huohuo wa 2015 Gitorious, huduma nyingine ya aina hiyo, ilinunuliwa na mshindani wake GitLab na kufungwa miezi michache baadaye. CodePlex ya Microsoft ikafungwa Desemba 2017. Bitbucket, iliyoanza kwa ajili ya watumiaji wa Mercurial, chombo kinachofanana na Git, iliacha kuitunza Mercurial mwaka 2020 na kuondoa hazina za aina hiyo. Kuanzia 2015 hadi 2020 ni muda mfupi kuliko umri wa miradi mingi inayotegemewa leo na hospitali, mabenki na vyuo vikuu.

Haki itendeke kwa waliofunga. Google ilitoa taarifa miezi kadhaa kabla, ikaweka chombo cha kuhamishia miradi kwenda GitHub, huduma ya kampuni nyingine, na ikaacha kumbukumbu za kusomwa kwa miradi iliyobaki. Hakuna aliyedhulumiwa kwa maana ya kisheria. Lakini angalia nani aliyenufaika na utaratibu huo: ni mradi uliokuwa na mtu mwenye macho wazi, anayesoma barua pepe zake na mwenye nenosiri la akaunti. Mradi ambao mwanzilishi wake alishahitimu chuo, akapata kazi nyingine na kusahau akaunti ya zamani, haukuwa na wa kuuhamisha, ingawa watu bado walikuwa wakiutumia. Viungo vilivyokuwa vimechapishwa kwenye makala za kitaaluma vikaelekea kwenye chumba kilichofungwa.

Kufungwa, hata hivyo, ni jambo la wazi; kila mtu huliona. Kubadilika kwa mwenye nyumba huku nyumba ikibaki ileile ni kugumu zaidi kukutambua. Mwaka 2013 mradi wa GIMP, programu huria ya kuhariri picha, uliacha kusambaza toleo lake la Windows kupitia SourceForge kwa sababu ya matangazo ya kulaghai kwenye kurasa za kupakulia. Mwezi Mei 2015 ikagundulika kwamba SourceForge imechukua udhibiti wa akaunti iliyoachwa, na mtu aliyeipakua GIMP kutoka hapo alipewa kisakinishi kilichobebeshwa matangazo ya programu nyingine. Malalamiko yalipozidi, utaratibu huo ulisimamishwa, na mwaka uliofuata wamiliki wapya wa SourceForge waliufuta kabisa mpango wa visakinishi vya aina hiyo. Bado funzo limebaki. Jina la mradi lilitumika kumfikishia mtumiaji kitu ambacho mradi wenyewe ulikikataa, na hilo liliwezekana kwa sababu akaunti na anwani vilikuwa mikononi mwa mwingine.

Mabadiliko mengine ni ya bei. Travis CI ilikuwa kwa miaka mingi mahali pa kawaida pa kuendeshea majaribio ya programu huria bila malipo. Kampuni ilinunuliwa mwaka 2019, na mwishoni mwa mwaka 2020 masharti yakabadilika, miradi huria ikawekewa kikomo. Mwezi Novemba mwaka huohuo Docker Hub, ghala la programu zilizofungashwa tayari kuendeshwa, ilianza kuweka ukomo wa idadi ya upakuaji kwa wasiolipa. Kampuni zote mbili zilikuwa na sababu zake, maana umeme na mashine hugharimu fedha, na walikuwapo watu waliotumia huduma hizo kuchimba sarafu za kidijitali. Lakini mradi uliokuwa umeandika majaribio yake yote kwa lugha ya mpangilio ya kampuni moja ulilazimika kuyaandika upya. Uliokuwa na skripti ya kawaida inayoweza kuendeshwa kwenye kompyuta yoyote ulibadilisha mistari michache tu ukaendelea na safari. Miradi yote miwili ilipata tangazo lilelile siku ileile. Tofauti ya maumivu ilitokana na uamuzi uliofanywa miaka mingi nyuma.

Kisha kuna sheria za nchi ya mwenye seva. Julai 2019 GitHub, ikitii vikwazo vya Marekani, iliwawekea mipaka watumiaji waliokuwa Iran, Syria na Crimea. Hazina za hadharani zilibaki wazi, lakini hazina za faragha na huduma za kulipia zilifungwa kwao, na wengine walijikuta hawawezi kuifikia kazi yao wenyewe. Kwa Iran, GitHub ilipata kibali cha serikali ya Marekani na kurejesha huduma mnamo Januari 2021, yaani mwaka mmoja na nusu baadaye. Waandishi hao wa programu hawakuwa wamefanya kosa lolote dhidi ya mwenye seva. Waliishi tu mahali ambapo siasa za nchi mbili ziligongana. Msomaji wa Afrika Mashariki anaweza kusema hayo hayatuhusu. Ningemwomba akumbuke kwamba hata wale vijana wa Tehran, walipofungua akaunti zao, waliambiwa kwamba programu huria haina mipaka.

Kwetu, waya ukikatika

Kwa eneo letu kuna sababu nyingine ya kuliuliza swali hili, na haihusiani na nia ya mtu yeyote. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilikatika karibu na pwani ya kusini mwa Afrika, na intaneti ikadorora au kupotea Tanzania, Kenya, Uganda na kwa majirani. Siku kama hiyo hutenganisha vyombo vya aina mbili. Mtu mwenye nakala kamili ya hazina kwenye kompyuta yake aliendelea kuandika, kurekodi mabadiliko, kulinganisha matawi na kusoma historia, akisubiri tu wakati wa kutuma. Aliyezoea kufanya kila kitu ndani ya kivinjari, kuanzia kuhariri hadi kujaribu, alikaa akitazama duara likizunguka. Kwa anayenunua bando la siku na kukatikiwa umeme jioni, uwezo wa chombo kufanya kazi bila mtandao ni kigezo cha kwanza cha kuchagua. Na kigezo hicho ni kilekile cha mlango wa kutokea kwa sura nyingine: je, kazi yangu ninayo, au ninaitazama tu kwa ruhusa?

Uzito wa jambo unaonekana zaidi tunapokumbuka programu huria zinafanya nini hapa. OpenMRS, mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa, ulibuniwa kuanzia mwaka 2004 kutokana na mahitaji ya huduma za VVU huko Eldoret, Kenya, na mwaka 2006 ukaanza kutumika hukohuko na pia Rwanda. DHIS2, unaoratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo, hukusanya takwimu za afya za kitaifa katika nchi nyingi, zikiwemo Kenya na Tanzania. Mwaka 2004, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zinazozungumza Kiswahili. Mwaka 2010 OpenOffice.org, msingi wa programu hizo, iliingia mikononi mwa Oracle baada ya mmiliki wake, Sun, kununuliwa, na sehemu kubwa ya jumuiya ikajitenga mwaka huohuo kuanzisha LibreOffice. Iliwezekana kuondoka kwa sababu leseni iliruhusu na mafaili ya msimbo yalikuwa mikononi mwa watu. Jina halikuwezekana kubebwa. Ndiyo maana programu ile leo inaitwa kwa jina jingine. Huo ni mfano safi wa hoja yetu: kilichokuwa na mlango kilitoka, kisichokuwa na mlango kilibaki.

Basi kila mtu ajenge nyumba yake?

Pingamizi la kwanza linatoka kwa wenye msimamo mkali. Watasema: kama kupanga kuna hatari hizi zote, basi kila mradi uendeshe seva yake wenyewe, maana mtegemea cha nduguye hufa maskini. Naheshimu moyo wa kauli hiyo, lakini ushahidi hauiungi mkono moja kwa moja. Machi 2013 mradi wa KDE, uliokuwa ukiendesha seva zake wenyewe kwa ustadi, ulikaribia kupoteza hazina takriban 1,500. Mfumo wa mafaili wa seva kuu uliharibika, na seva za nakala pacha, zikitii maagizo ya kufanana na seva kuu, zikaanza kunakili uharibifu uleule. KDE iliokolewa na mashine moja iliyokuwa bado na nakala nzima. Agosti 2011 seva za kernel.org, makao ya Linux yenyewe, ziligundulika kuwa zimevamiwa, na tovuti ikafungwa kwa wiki kadhaa. Msimbo ulinusurika kwa sababu alama za kihesabu za Git hufichua badiliko lolote la siri, na nakala zilikuwa zimetapakaa duniani. Mwaka 2022 Fosshost, shirika lililotoa seva za bure kwa miradi huria, lilitangaza kwamba haliwezi tena kuendelea, na miradi ikaambiwa iondoe vitu vyake.

Kumiliki nyumba, kwa hiyo, hakuondoi swali. Kunalihamisha tu kutoka kwa mwenye nyumba kwenda kwa fundi wako mwenyewe: akiugua, akiajiriwa kwingine au akikosea amri moja usiku wa manane, mnatoka na nini? GNOME na Debian, miradi mingine mikubwa, walihamia mwaka 2018 kwenye programu ya GitLab wanayoiendesha wenyewe, na KDE wakafuata mwaka 2020. Wameweza kwa sababu wana wasimamizi wa seva wa kudumu na taasisi za kuwalipia umeme. Mradi mdogo usio na mtu wa zamu utafanya vizuri zaidi kupanga, ilimradi upange ukijua njia ya kutoka.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, na linatoka kwa wenye busara ya sokoni. Wanasema: mfanyabiashara hupeleka bidhaa penye watu. Wachangiaji wako GitHub, wana akaunti huko, wanajua namna ya kutuma maombi ya kuingiza mabadiliko. Ukijificha kwenye seva yako ya pembeni umejitenga kwa hiari. Hili ni kweli, na sipendekezi mtu alikatae. Python yenyewe ilipitia njia hiyo. Baada ya kulinganisha GitLab na GitHub, mradi ulitangaza Januari 2016 kwamba umechagua GitHub, na msimbo ukahamia Februari 2017. Sababu mojawapo ilikuwa kwamba wachangiaji walishaizoea. Lakini tazama namna walivyohama. Miaka mingi kabla walikuwa wameondoa taarifa zao za kasoro SourceForge na kuziweka kwenye mfumo wao wenyewe, chini ya anwani yao, bugs.python.org. Msimbo ulipokwenda GitHub, taarifa hizo zilibaki nyumbani miaka mingine mitano, na zilipohamishwa mwaka 2022 anwani ya zamani iliendelea kufunguka kwa wanaotaka kusoma. Walikwenda sokoni na funguo zao mfukoni. Hivyo ndivyo ninavyoshauri. Umati wa GitHub ni faida halisi, na anayeutumia huku akijua namna ya kuondoka hajakosea hata kidogo.

Wa tatu atasema: kampuni hizi ni kubwa mno kuanguka. Microsoft iliinunua GitHub mwaka 2018 kwa dola bilioni 7.5, nani atupe mali ya thamani hiyo? Jibu ni kwamba Google Code haikufungwa kwa sababu Google ilifilisika. Ukubwa wa kampuni hulinda seva zisizimike, lakini hauwalindi wapangaji pale biashara inapoamua kugeuka. Na hata ulinzi wa seva una mipaka. Tarehe 31 Januari 2017 mhandisi wa GitLab alifuta kwa bahati mbaya data ya hifadhidata kuu, na kampuni ilipokimbilia nakala rudufu iligundua kwamba kati ya njia tano za kuhifadhi, hakuna iliyokuwa ikifanya kazi inavyotakiwa. Data ya takriban saa sita ilipotea. GitLab ilieleza yote hadharani, jambo la kupongezwa. Na kilichopotea ndicho kile tulichokitaja mwanzo: hazina za Git zilisalimika, ila taarifa za kasoro, maoni na akaunti zilizoundwa ndani ya saa hizo zilikwenda. Kile kinachonakiliwa na watu wengi kilibaki, na kile kilichowekwa mahali pamoja kikapotea.

Gharama ya tahadhari

Linabaki pingamizi la mwisho, ambalo ni la uchovu kuliko la mantiki: sisi ni watu wawili, hatuna muda wa haya. Hapa ndipo ninapotaka kuwa wazi kabisa, kwa sababu watu hudhani tahadhari ni ghali. Mambo ya msingi ni machache. La kwanza ni jina la kikoa la mradi wenyewe, lililosajiliwa na kulipiwa kila mwaka, na anwani hiyo ndiyo itolewe kwa umma na kuandikwa kwenye makala. Nyuma yake unaweza kuelekeza GitHub leo na kwingine kesho, na msomaji asihisi badiliko. La pili ni nakala pacha ya hazina mahali pa pili, inayosasishwa kila siku kwa amri moja ya Git, na nyingine kwenye diski isiyounganishwa na mtandao, ili uharibifu wa seva kuu usiifikie kama ulivyofika kwa nakala za KDE. La tatu ni kuwa na watu wawili au zaidi wenye mamlaka kamili ya akaunti, mmoja akiwa nje ya taasisi ya mwenzake.

La nne ni kuweka ndani ya hazina yenyewe kila kinachoweza kuandikwa kama faili: mwongozo wa kuchangia, maamuzi makubwa na sababu zake, skripti za kujenga na kujaribu. Badiliko likikubaliwa baada ya mjadala mrefu, kiini cha mjadala huo kiandikwe katika maelezo ya badiliko, maana maelezo hayo husafiri na Git. Jumuiya ya Linux hufanya hivyo hadi leo: viraka hutumwa na kujadiliwa kwa barua pepe, na maelezo ya kila badiliko hueleza sababu yake kwa urefu. La tano ni kuchota taarifa za kasoro mara kwa mara. GitHub, GitLab na Forgejo (nitaieleza hapa chini) zote zina njia rasmi ya kuzipata kwa programu, na zana za bure za kufanya hivyo zipo. Mara moja kwa mwaka, jaribuni kuurudisha mradi mahali papya kutokana na nakala mlizonazo. Kilichokosekana siku ya zoezi ndicho mngelikikosa siku ya msiba.

Kwa kipimo hicho, uchaguzi wa jina la huduma unakuwa mwepesi kuliko watu wanavyodhani. Anayetafuta wachangiaji wengi haraka ana sababu nzuri ya kwenda GitHub. Anayetaka programu ya makao yenyewe iwe huria anaweza kutazama Codeberg, jumuiya ya wanachama iliyoanzishwa Berlin mwaka 2018 na inayoishi kwa michango. Inatumia Forgejo, iliyotengana na programu ya Gitea mwaka 2022 baada ya jina na kikoa cha Gitea kuhamishiwa kampuni bila jumuiya kushirikishwa. Hata hapo, usiache kuuliza swali letu kwa sababu mwenye nyumba ana nia njema. Nia njema nayo huchoka, kama ilivyochoka Fosshost. Faida kubwa ya Codeberg kwa hoja hii ni kwamba programu inayoiendesha unaweza kuisimika mwenyewe, na kwa hiyo kinachotoka kinapata pa kuingia.

Programu huria ilianza na ahadi kwa mtumiaji: kwamba hatafungwa na aliyemwandikia programu. Ni aibu mradi unaomwahidi mtu huyo uhuru ukijifunga wenyewe kwenye chumba ambacho ufunguo wake anao mwingine. Muuguzi wa Eldoret au karani wa takwimu wa wilayani hajui msimbo wa mfumo anaoutumia unakaa kwenye seva gani, na hana sababu ya kujua. Amewaachia waliouandika jukumu hilo. Kwa hiyo, ewe unayeanzisha mradi leo, kabla hujafungua akaunti, kaa na wenzako mwandike ukurasa mmoja wenye kichwa hiki: Siku tutakapoondoka. Mwandike nani ana funguo, nakala ziko wapi, na kipi hakitabebeka. Ukurasa huo muuweke ndani ya hazina, pamoja na msimbo, ili usafiri nao popote utakapokwenda.